Kadi ya Mtu wa Nge

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mguu umepunguza kelele, na wateja wako bado wanatulia kama maji mtungini ukiwawekea wembe shingoni. Sisi hatujambo. Mume wangu, Mpole, anakusalimu, ana pambano mwishoni mwa mwezi na nyumba nzima inakula kwa ratiba yake.

Nina shida, na usinicheke. Mama mmoja aliyekuwa amepanga chumba cha jirani amehama na kuniachia kadi za taroti, zile za kutabiria. Kazi yangu unaijua: nawafunga mabondia bandeji za mikono, halafu wakipasuliwa ndani ya ulingo nazuia damu kwa pamba na mafuta ya mgando ili waendelee kupasuana. Katikati hapo kuna kungoja kwingi. Basi nikawa nazichezea hizo kadi pale kwenye benchi, kijana mmoja akaniomba nimtolee moja. Ukatoka Mnara. Umepigwa na radi, watu wanaanguka kichwa chini miguu juu. "Maana yake nini?" Nikamjibu tu, "Leo kuna mtu anaanguka." Mjomba, raundi ya kwanza haikuisha. Alimpiga mwenzake ngumi ya kidevu hadi jino likaruka likadondokea kwenye ndoo yangu.

Tangu siku hiyo sifungi mkono wa mtu bila kuambiwa, "Pamba, nisomee." Na sasa wanataka kujua kadi ipi ni ya nyota yao. Mimi nyota sizijui, wewe ndiye mwenye ukuta mzima wa michoro pale saluni. Nipangie. Punda aende na nani, Simba na nani, na zile sayari pia. Wananipa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa pamba.

Mpwa wako,
Pamba

* * *

11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mguu unapiga kelele zilezile, wateja wananyamaza vilevile. Nimecheka, samahani. Mama yako marehemu angesema ukoo wetu hauna haya: mmoja ananyoa watu na kuwasomea nyota, mwingine anawaziba damu na kuwasomea kadi.

Aliyenifundisha falaki aliwahi kunipangia hizo kadi, na mimi nimezipima kwa watu wanaokaa kwenye kiti changu. Mtu wa Punda ni Mfalme, anataka aanze yeye hata kwenye foleni ya kunyolewa. Ng'ombe mpe Kuhani. Mapacha ni Wapenzi, na Kaa ni Gari la Vita, usishangae, kaa ana gamba. Simba ni Nguvu, yule mwanamke anayemfumba simba kinywa kwa mikono mitupu. Mashuke ni Mzee Mpweke mwenye taa. Mizani ni Haki, hilo hata mtoto angelijua. Mshale ni Kiasi, Mbuzi ni Shetani (jirani yangu muuza viatu ni Mbuzi, ukimwona utakubali), Ndoo ni kadi ya Nyota, Samaki ni Mwezi. Kwa sayari, Zuhura ni Malkia, Mshtarii ni Gurudumu, Zohali ni Dunia, na ule Mnara wako ni Mirihi, sayari ya vita, kwa hiyo siku ile hukukosea sana.

Nge nimemweka mwisho kwa makusudi. Kadi yake ni Kifo. Sasa nisikilize vizuri. Kifo kwenye kadi si kufa. Ni kitu kuisha ili kingine kianze, kama mtu anavyoniachia ndevu za miaka sakafuni akatoka na uso mpya. Mteja wangu wa Nge nikimweleza hivyo anaelewa, kwa kuwa anakaa na kunisikiliza. Wa kwako wanasikiliza nusu, nusu nyingine wanarukaruka kamba. Mtu anayeishi kwa ngumi usimwambie kwamba yeye ni Kifo. Mwambie chochote kingine.

Mjomba wako,
Kinyozi

* * *

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Usione mwandiko umelala, naandika kwa mkono wa kushoto. Nimeteguka kidole cha kulia nikinyanyua ndoo.

Mpango wako umefanya kazi kuliko nilivyotaka. Yupo bondia tunayemwita Seremala, mchana anatengeneza milango na vitanda, jioni anakuja mazoezini na vumbi la mbao masikioni. Mtu mtaratibu, hata akikupiga anaonekana kama anaomba radhi. Nilipomwambia kwamba yeye ni Simba na kadi yake ni Nguvu, akaitazama ile picha muda mrefu. "Huyu mama hampigi simba," akasema. "Anamshika tu." Wengine walimcheka. Wiki hiyohiyo akapigana na jamaa mmoja mrefu, akamvunja taya kwa ngumi ya pembeni, nikasikia mfupa ukilia kutoka nilipokaa. Yeye ndiye aliyemshika yule jamaa asijigonge kichwa akianguka.

Mpole naye alitaka ya kwake. Kwenye leseni yake ya ngumi imeandikwa amezaliwa Novemba mwanzoni, kwa hiyo ni Nge. Nilikumbuka ulichoniambia, nikamwambia aningoje nihesabu vizuri. Hakungoja. Akazipekua kadi mwenyewe akaichomoa ile, mifupa juu ya farasi mweupe. "Ni hii? Sema ni hii." Nikasema ndiyo.

Amefurahi, Mjomba! Ameichora mgongoni kwenye joho la kuingilia ulingoni. Kocha naye amefurahi, anasema watu watazijaza kumbi. Pambano la mwisho wa mwezi alimpasua mpinzani nyusi zote mbili hadi yule mtu akawa anapiga hewa kwa kuwa haoni. Refa alipowatenganisha, Mpole akampiga na refa begani. Watu wakashangilia.

Yote ni heri. Nipe habari zako.

Pamba

* * *

10 Machi

Mwanangu,

Umesema yote ni heri kabla sijakuuliza.

Nina swali moja la kinyozi. Nimeshika vichwa vya watu tangu ujana wangu, najua aliyejigonga mlangoni na aliyegongwa. Ndoo inatengua kifundo cha mkono au inatengua mgongo. Kidole kimoja kinateguka kikishikwa na kukunjwa. Nani amekikunja?

Usiponijibu nitakuja mwenyewe. Mguu huu utapanda basi ukitaka usitake.

Mjomba wako

* * *

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mbona unatafuta jambo pasipo na jambo? Ni ndoo. Kidole kimepona, ona naandika kwa mkono wangu. Mpole ana mambo mengi kichwani, pambano kubwa linakuja, na mtu akiwa kwenye mazoezi makali hasira hazimkai mbali, hilo ni la mabondia wote. Anajua kuomba msamaha. Juzi ameninunulia viatu.

Usije. Chumba ni kidogo, na mguu wako huo barabarani nitapata wasiwasi bure. Nikipata nafasi nitakuja mimi.

Pamba

* * *

29 Machi

Mpwa wangu,

Nimefika nyumbani salama. Najua hukuuliza kwa kuwa hukupata pa kuandikia barua ukiwa peke yako, basi nakujibu tu.

Meno mawili ya mbele hayapo tena. Wateja wanasema sasa nikiongea napiga mluzi, kuna mmoja amecheka hadi nikamkata kidogo sikioni. Taya inafunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha uji. Nitapona.

Nataka nikuambie nilichokiona, maana wewe ulikuwepo lakini sidhani kama uliona. Mumeo alinipokea vizuri, akanibebea mkoba, akaniita Mjomba. Nikakaa kwenye kile kiti kilichofungwa kwa waya. Wewe ukaingia na chai, jicho lako la kushoto limevimba, ukalaza kichwa upande ili nisilione. Nikamuuliza yeye, sikukuuliza wewe. Nilimwambia, "Baba, mkono unaokulisha ulingoni, humu ndani unafanya nini?" Akaniangalia bila hasira yoyote. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Akaweka kikombe chini taratibu kisichafue kitambaa, akainuka, akanipiga. Nilipokuwa chini akasema, "Wewe ndiye uliyenipangia kadi, Mjomba. Unashangaa nini?"

Ukaja na pamba yako. Ulinifunga kinywa vizuri, kazi unaijua. Majirani wakagonga mlango kuuliza kishindo cha nini. Ukawaambia kupitia mlangoni, "Mjomba ameteleza, sakafu ina maji." Mpwa wangu, hukutetemeka hata kidogo. Sauti yako ilikuwa imezoea.

Sikulaumu kwa hilo. Nimekuandikia ili uisikie hiyo sauti kama nilivyoisikia mimi. Kitanda cha mama yako bado kipo. Kitandikwe lini, sema wewe.

Mjomba wako

* * *

19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Seremala amekufa.

Naandika nikiwa kwa mama mkwe wangu. Usishangae. Ndiye aliyekuja kunichukua, akaniambia, "Huyo nimemzaa mimi, lakini wewe hukumzaa, toka hapo."

Acha nikuambie ilivyokuwa, nikiiacha itaniozea. Baada ya wewe kuondoka nilikwenda kazini na uso wangu ukiwa hivyohivyo, nikasema ni mlango. Wote waliitikia, mlango, mlango. Seremala peke yake hakuitikia. Alisema, "Milango ya kwenu nimeitengeneza mimi, haifunguki kwa upande huo." Kisha akavuka ukumbi, akamwendea Mpole aliyekuwa anapiga gunia. Nilimsikia. "Kama mikono inakuwasha, nipige mimi. Mimi nina glavu."

Kocha aliona ni mazoezi tu. Akawaingiza ulingoni, mimi nikawafunga mikono wote wawili. Nilimfunga Mpole, Mjomba. Nilimkaza bandeji kwa meno yangu kama kawaida, naye akaniinamia akasema sikioni, "Baada ya huyu ni wewe."

Nilichukua ndoo yangu nikakaa.

Seremala alijikinga vizuri mwanzoni. Halafu akapigwa ngumi ya ini, mikono ikashuka, na Mpole akaingia. Ngumi za uso zilikuwa zinatoa sauti ya nguo mbichi ikipigwa jiweni. Kocha akagonga kengele. Akagonga tena. Seremala alikuwa amepiga magoti, amejiegemeza kwenye kamba, kinga ya meno imemtoka imelala turubaini. Mpole akamshika kisogo kwa mkono wa kushoto ili kichwa kisikimbie, akawa anampiga kwa wa kulia, na kila akipiga anauliza, "Mimi ni nani? Mimi ni nani?" Alikuwa anamuuliza yeye huku ananitazama mimi. Vijana wanne walimrukia mgongoni, aliwakung'uta kama nzi. Alipochoka ndipo alipoacha.

Nikaingia na pamba yangu. Pua niliiziba. Nyusi nilizibana. Lakini damu ilikuwa inatoka masikioni, na ile hakuna pamba inayoizuia. Alinishika mkono wa nguo. Alitaka kusema neno, ulimi haukumtii. Alikata roho kwenye korido ya hospitali, bado ana vumbi la mbao shingoni pale jasho lisipofika.

Polisi walimkuta Mpole nyumbani anakula. Aliwaambia wamngoje amalize.

Sasa usiku na mchana kichwa changu kina jambo moja. Kadi nilimpa mimi. Wewe ulinikataza, na mimi nilisema ndiyo, ni hii. Halafu jana mama mkwe ananimwagia maji mkononi ninawe, akaniuliza hiyo Nge Nge ninayoweweseka nayo ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema, "Nani alikuambia amezaliwa Novemba? Hiyo Kocha ndiye aliyempa, na mwaka wa uongo juu, apite kwenye mashindano ya vijana. Mimi nimemzaa Oktoba, mwanzoni kabisa, mvua za vuli hazijaanza." Mjomba, hiyo si ni Mizani? Kumbe kadi yake ni Haki. Niambie ningemwambia hivyo ingekuwaje. Niambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Pamba

* * *

25 Aprili

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, mteja amekaa na povu usoni hadi likamkaukia. Pole. Pole sana. Yule kijana sikumjua, lakini siku ile naondoka kwenu na kinywa kimefungwa, kuna mtu alinishika mkono akanivusha barabara bila kuuliza chochote. Alikuwa na vumbi la mbao masikioni. Sasa najua.

Umeniomba ukweli. Ndiyo, Oktoba mwanzoni ni Mizani, na kadi ni Haki. Na ungemwambia hivyo angekwenda kuchora upanga wa Haki mgongoni, akampiga Seremala vilevile huku akisema anamhukumu. Mara ya kwanza alikupiga lini? Sauti yako ilianza kuzoea lini? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, halafu uangalie kadi ilikuwa imeshaingia nyumbani au bado.

Nimewasomea watu nyota maisha yangu yote na naamini ninachosoma. Nyota inaweza kumwambia mtu ana hasira. Haijawahi kukunja ngumi ya mtu. Ile ngumi ilitoka kwenye bega lake, nami niliipokea, najua ilikotoka.

Wakikuita mahakamani kusema, nenda ukaseme. Si kwa ajili ya Mpole, si kwa ajili yako pia. Seremala aliingia ulingoni peke yake kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umekubaliana kwamba ni mlango.

Mjomba wako

* * *

8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Yamekwisha. Nimesema.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyofikiria, kina feni moja inayolia. Mpole alikuwa kizimbani, amenenepa, shati nimelinunua mimi. Kocha alisema ilikuwa ajali ya mazoezini na kengele ilikuwa mbovu. Vijana wawili wakasema hawakuona vizuri. Halafu Mpole akaulizwa ana la kujitetea, akasimama wima kama anatangazwa ulingoni.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa Nge," akasema. "Kadi yangu ni Kifo. Mke wangu ndiye aliyenisomea, muulizeni. Mtu hawezi kushindana na alivyozaliwa."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona hatanii. Wote wakageuka kunitazama. Mke wa Seremala alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti la mumewe joto lote lile.

Hakimu akaniuliza, "Ni kweli ulimwambia hivyo?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Na mwenye kadi hiyo ndiyo lazima aue?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema habari ya Oktoba na Mizani. Nilikuwa nimeikariri njia nzima. Lakini nilipofungua kinywa nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa bado nabishana kuhusu kadi, wakati aliyekufa ni mtu. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi mwenyewe ni Nge. Wa kweli, wa Novemba, mjomba wangu alikuwepo nilipozaliwa. Kadi yangu ni hiyohiyo. Amenitegua kidole, amenivunja mbavu, amenizimisha mara nisizozikumbuka. Kisha analala fofofo pembeni yangu, na jikoni kuna visu. Sijawahi kumkwaruza."

Nikaendelea, sikungoja kuulizwa. Nikasema kengele ilikuwa nzima na iligongwa mara mbili. Nikasema alimshika kisogo. Nikasema aliniambia baada ya huyu ni wewe, na nilikaa na ndoo yangu. Kila neno nililitazama likitoka.

Ndipo Mpole aliporuka kizimba. Mjomba, ni mwepesi, hilo Kocha hakudanganya. Alimkumba askari mmoja kwa kiwiko akamlaza, akanifikia hadi nikanusa pumzi yake, mkono wake wa kulia umeshapanda juu. Miaka yote nikiuona mkono huo ukipanda najikunja, mikono inafunika kichwa yenyewe bila kuniuliza. Safari hii haikunyanyuka. Nilisimama nikamtazama machoni, naye kwa kitambo kidogo akasita, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Wakamwangukia watatu wakampeleka chini, kichwa chake kikagonga sakafu, na damu ikamtoka puani. Nikaiona. Sikuinama.

Amefungwa miaka mingi. Mama yake hakulia mahakamani, alilia tulipofika nyumbani, na nimemshika.

Kuna jambo la mwisho. Nje, kwenye ngazi, mke wa Seremala alinifuata. Mwanamke mfupi kuliko mimi. Akaniuliza, "Ulijua anavyopiga. Ulimwona mume wangu anavaa glavu. Ukakaa?" Nikamwambia, "Nilikaa." Akanizaba kofi, nikaona nyota za mchana, nikaonja damu. Nikangoja la pili. Hakunipiga. Alikaa kwenye ngazi, akaufunika uso kwa mikono ya lile koti. Nikakaa pembeni yake, kwa umbali aliouachia, watu wakawa wanapita wakituruka. Bila kuniangalia, akasema nyumbani kuna vitanda vitatu havijamalizwa na wenyewe wanavidai, na yeye hajui hata msumeno unashikwaje.

Nikamwambia mimi pia sijui. Kesho asubuhi naenda tukaanze.

Mpwa wako,
Pamba